Piano jioni, brashi asubuhi

SWALI: Nafundisha piano majumbani hapa Mjini Unguja, na nimeanza kusomea uchoraji asubuhi tatu kwa wiki. Kazi za darasani zinanirundikia na mkono wa kulia unauma. Nipunguze wanafunzi?
Mwalimu, Kikwajuni

JIBU: Usipunguze bado, mwalimu. Watoto wana skuli na madrasa, kwa hivyo vipindi vyako huangukia jioni na wikendi. Kinachokula muda ni njia: ukitoka Mbweni uende Malindi kisha urudi Kiembesamaki, jioni imekwisha. Panga kwa mitaa, kila siku upande mmoja. Na ada ichukue mwanzo wa mwezi. Anayelipa kwa kipindi ndiye anayeahirisha kila mvua ikinyesha.

Mkono ndio wa kuangaliwa zaidi. Ukibana penseli karibu na ncha, kama unaandika, unachosha misuli ileile ya kigasha inayoendesha vidole kwenye piano. Simamisha ubao wa kuchorea, shika penseli nyuma, mstari mrefu uanzie begani. Pumzika dakika tano kila nusu saa, tena usitoke kwenye penseli ukaingia moja kwa moja kwenye mazoezi ya skeli, zile ngazi za sauti, kwenye piano. Vidole vikianza kufa ganzi, nenda kwa daktari.

Ukiwa na muda mfupi tumia akriliki, rangi ya kuchanganya na maji inayokauka upesi. Rangi ya mafuta hukaa mbichi siku kadhaa. Akriliki, kwa joto letu, huganda hata kwenye sahani, basi tandika kitambaa kibichi chini ya rangi na itoe kidogo kidogo. Kazi kubwa iweke Ramadhani, wanafunzi wanapopungua. Ada nayo hupungua, kwa hivyo jiwekee akiba mapema.