Kunasa mawasiliano ya ndege kwa satelaiti ukiwa Tanga: tatizo liko juu ya paa

Wengi wanaoanza hushika programu kwanza. Wanapakua JAERO, programu ya kusoma ujumbe huo wa satelaiti, wanachomeka kipokezi cha USB kwenye laptop, halafu wanashinda siku mbili wakibadili mipangilio. Huko hakuna kosa. Kosa mara nyingi liko kwenye mita ya kwanza kutoka kwenye antena.

Ujue kwanza unachotafuta. Ndege ikishafika juu ya bahari, mbali na mitambo ya VHF (redio ya kawaida ya ndege, ya masafa mafupi) ya nchi kavu, hupashana habari na ardhi kwa ujumbe mfupi unaopitia satelaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Satelaiti huongea na ndege kwenye 1525 hadi 1559 MHz, na ndege hujibu kwenye 1626.5 hadi 1660.5 MHz. Wewe utapata upande wa kwanza tu, yaani kituo cha ardhini kikiiambia ndege. Majibu ya ndege hushushwa ardhini kwenye masafa ya karibu 3600 MHz, na hayo yanataka dishi kubwa na vifaa vingine. Ni kama kumsikia jirani anavyoongea na simu. Usipolijua hili mapema utadhani mtambo umekufa. Na zile ndege ndogo za Tanga, Pemba na Unguja usizitafute humu. Kwa kawaida zinatumia VHF.

Mtandao wa satelaiti wa Inmarsat, unaobeba ujumbe huo, una satelaiti juu ya Bahari ya Hindi, longitudo 64 mashariki hivi. Kwa Tanga hiyo ni mashariki, ikiegemea kaskazini kidogo, kimo cha digrii 60. Ukiwa Raskazone, tazama upande wa Pemba, kisha inua macho theluthi mbili ya njia kuelekea utosini. Minazi isikae katikati, hasa mvua ikinyesha.

Antena rahisi ni ya waya uliozungushwa kwenye bomba. Chukua bomba la PVC la milimita 63 na waya wa shaba wa umeme wa nyumbani wa milimita za mraba 2.5, kama mita moja na robo. Zungusha mizunguko sita, kila mmoja ukipishana na mwenzake milimita 45, na chini weka bamba la bati la sentimita 20 kwa 20. Kipimo cha bomba si cha kubahatisha: kwenye 1545 MHz wimbi lina urefu wa milimita 194, na mzingo wa bomba unakaribia hapo hapo. Zungusha kama nyuzi za skrubu ya kawaida, ya kukaza kulia. Ukizungusha kinyume, antena itaonekana nzuri kabisa na haitashika kitu. Kuilenga si kazi, kosa la digrii 10 linavumilika.

Amplifaya, ile ya kukuza mawimbi dhaifu ya antena, ikae pale pale kwenye bamba, siyo chini mezani. Waya wa antena aina ya RG-58 hupoteza karibu desibeli 7 kwa mita 10 kwenye masafa haya. Kinachofika ni kama sehemu moja ya tano. Waya wa dishi, RG-6, hupoteza chini ya nusu ya hizo desibeli na ni rahisi kuupata madukani. Umeme wa amplifaya, volti 4.5 hivi, hupanda kwa waya huo huo kutoka kwenye kipokezi. Ukiuwasha, kelele kwenye skrini lazima zipande. Zisipopanda, fungua kiunganishi: mara nyingi utakuta unywele mmoja wa wavu wa nje wa waya umegusa shaba ya katikati na kupiga shoti. Ukishalirekebisha, funga mpira wa kuzuia maji na uache waya uning'inie kidogo chini ya kiunganishi, matone yadondokee hapo. Chumvi ya bahari haina huruma na viunganishi.

Joto nalo lina visa vyake. Vipokezi vingi vya bei nafuu hutumia chipu ya R820T au ndugu zake, na ikipata moto hushindwa kushika masafa ya juu ya 1500 MHz. Mtambo unafanya kazi asubuhi, saa saba mchana unanyamaza, magharibi unarudi. Usiutie kwenye kopo lililozibwa juu ya bati. Uweke kivulini, ikiwezekana na feni ndogo. Kipokezi chako kikiwa na kristali ya kawaida (kijenzi kinachoshikilia masafa), masafa pia huhama: kosa la sehemu 50 kwa milioni ni karibu kilohezi 77, kwa hiyo usichoke kusogeza kulia na kushoto kabla ya kukata tamaa.

Kabla ya yote hayo, waulize TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inagusa unasaji wa mawasiliano ya wengine, na picha za skrini zenye ujumbe wa ndege si za kurusha kwenye magrupu ya WhatsApp.

Kwenye JAERO anza na kanali za kasi ya biti 600 au 1200 kwa sekunde, zinavumilia mawimbi dhaifu. Zile za 10500 ziache mpaka hizo zimetulia.