Barua kwa mwanangu anayehesabu sadaka

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku Kamachumu hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, migomba imesimama, na goti la baba yako limepoa kiasi kwamba Jumapili alikwenda ibadani kwa miguu yake. Ujumbe wako mrefu nimeusoma kwenye simu mara nne. Nimeona nikujibu kwa kalamu, maana jambo lenyewe ni zito na vidole vyangu vinachoka haraka kwenye vile vitufe.

Umeniuliza hivi: "Mama, kuhesabu sadaka nako ni karama, au nimepewa tu kwa sababu mimi ni mhasibu?" Ukanieleza habari za semina ya siku tatu hapo usharikani kwenu Dodoma, mlivyogawiwa karatasi za maswali ili kila mtu aijue karama yake. Wewe ikatoka masaidiano na maongozi, yaani kusaidia watu na kusimamia mambo. Waliokaa kulia na kushoto kwako wakatoka na unabii na uponyaji. Jioni ya mwisho watu wakaombewa, wengi wakanena kwa lugha, nawe ukabaki umesimama na mkoba wako mkononi. Umesema ulijiona kama mtu aliyefika kwenye karamu sinia limeshainuliwa.

Hapo niliiweka simu chini nikanyamaza kidogo. Mama hapendi kusikia mtoto wake amesimama pembeni nyumbani mwa Mungu.

Nianze na hilo la lugha, nisikae nalo sana. Usiwadharau wenzako walionena, wala usijidharau wewe. Paulo mwenyewe alinena kwa lugha, tena anasema kuwazidi Wakorintho wote, na ndiye huyo huyo aliyewauliza, "Wote wanena kwa lugha?" Swali hilo aliliuliza akijua jibu lake ni hapana. Mtu akikuambia kwamba asiyenena hajampokea Roho, msikilize kwa adabu, kisha ufungue Wakorintho wa Kwanza sura ya 12 usome mpaka mwisho. Mstari wa 28 utakuta masaidiano na maongozi yamewekwa kwenye safu moja na miujiza na karama za kuponya, na aliyeyaweka hapo ni Mungu. Karatasi yenu ya maswali haikukosea neno. Ila nadhani iliwafundisha kuitafuta karama mahali ambapo si rahisi kuiona, yaani ndani ya mtu mwenyewe.

Bibi yako mzaa baba alikuwa mtu wa uamsho, ule uliotoka Rwanda, Gahini, miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kufika huku kwetu Buhaya. Wewe ulimkuta mzee sana. Watu wale waliimba, walilia, waliungama dhambi zao mbele ya wote. Lakini majirani ambao hawakuokoka walitambuaje kwamba kuna jambo limetokea? Waliona vitu vinarudi. Mtu aliyekopa miaka mingi nyuma alikuja kulipa. Aliyeiba mkungu wa ndizi alibisha hodi mchana, mkungu mwingine begani. Bibi yako alituhadithia kwamba juma alilookoka alirudisha jembe aliloazima kwa shangazi yake na kulifanya lake. Sasa niambie, mwanangu, Roho aliyemtuma bibi yako na jembe njiani atashindwaje kufanya kazi ndani ya daftari la hesabu?

Soma tena Matendo sura ya 6, na safari hii isome kama mhasibu. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Hakuna aliyezusha uzushi pale. Kulikuwa na chakula, kulikuwa na orodha, na kwenye orodha hiyo kuna majina yalirukwa. Hiyo ni kazi ya mezani kwako kabisa. Mitume wakasema wachaguliwe watu saba, na sifa walizotaja ni kushuhudiwa wema, kujawa na Roho, na hekima. Kwa ajili ya kugawa chakula! Mimi nilisoma mlango huo miaka mingi nikikimbilia habari za Stefano kupigwa mawe, bila kuona kwamba Stefano aliingia kwenye huduma kupitia mlango wa jikoni.

Na hili nalijua kwa macho yangu. Kuna usharika mmoja, sitautaja, ambao ujenzi wake ulisimama miaka minne kuta zikiwa zimefika kwenye renta. Mtunza hazina alikuwa mtu mpole na mpenda kanisa, na mpaka leo naamini hakula hata senti. Lakini alipokea fedha bila stakabadhi, akalipa mafundi kwa maneno, akaandika vijikaratasi akavitia mfukoni. Siku alipoulizwa hakuwa na kitu cha kuonyesha. Watu wakagawanyika, wanakwaya wakahama, yeye akawa anakaa kiti cha nyuma mpaka akaacha kabisa kuja. Hesabu nzuri zingemlinda. Paulo alipopeleka mchango wa makanisa Yerusalemu hakwenda peke yake na ule mfuko. Alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asipate la kumlaumu. Kwa hiyo ukikataa kuhesabu peke yako, ukitaka saini mbili na funguo mbili za kasha, usiogope wakikuona mgumu. Unamlinda mzee wa kanisa ambaye siku moja angesingiziwa uongo.

Lakini bado sijakujibu. Unaweza kuniambia kwamba yote hayo hata mhasibu asiyeamini angeyafanya. Ni kweli. Kwa hiyo nikuambie nilichokiona mimi kwenye ujumbe wako.

Umeandika mistari mingi kuhusu semina, na katikati ukapachika mmoja kama mtu anayepita tu. Umesema kuna bahasha ya ahadi ya bibi mmoja, ambayo kila Jumapili huwa na shilingi mia tano zilizokunjwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari, na kwamba Jumapili tatu sasa hujaiona. Kisha ukaendelea na mambo ya unabii.

Mwanangu, mstari huo ndio nimeusoma mara nne.

Usharika wenu una ibada tatu kila Jumapili. Mchungaji hawezi kutambua kwamba bibi mmoja hayupo. Kwaya haimjui. Shilingi mia tano hazibadilishi jumla yoyote kwenye matangazo. Katika umati wote huo ni wewe tu uliyejua kwamba mtu fulani hayupo, na ulijua kwa sababu mikono yako ilizoea mkunjo wa karatasi yake. Karatasi ya semina haikukuuliza swali hilo.

Nikurudishe nyuma kidogo, wewe hujazaliwa. Unajua kwamba wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu Kagera, mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa cha fasheni wakati huo. Mwaka 1987 nilikuwa na miaka ishirini na saba, ninaimba kwaya, na ombi langu kubwa kwa Mungu lilikuwa sauti ya kuongoza wimbo. Nilifunga kwa ajili ya hilo. Chini ya kibanja chetu, shamba letu la migomba, kulikuwa na nyumba ya mama mmoja ambaye kijana wake alirudi kutoka mjini amekonda. Tulipita pale kila tukienda mazoezi. Jioni moja nikaona jikoni kwao moshi haufuki. Kesho yake tena haufuki. Nikawauliza wenzangu, hamna aliyeona. Siku ya tatu sikufika mazoezini. Nilikata kona nikaingia, nikamkuta mama naye ameanguka kwa homa, na kijana amelalia shuka ambalo sitakueleza hali yake.

Nilichemsha maji. Nilifunga mifuko ya nailoni mikononi, nikafua, nikapika uji. Sikuwa jasiri, niliogopa njia nzima ya kurudi. Ila nilipofika nyumbani nilikula nikashiba, nikalala, na asubuhi nilitaka kurudi. Nilikwenda hivyo miezi kadhaa, nyumba ile na nyingine baadaye, maana miaka ile nyumba hazikukosekana. Nilidhani ninamsaidia jirani tu, na kwamba huduma yangu ya kweli ningepewa siku sauti itakapofunguka.

Aliyeniambia ni mzee mmoja wa kanisa, sasa ni marehemu. Alinisimamisha njiani akasema, "Binti, sisi tukienda kumwombea mgonjwa anageukia ukutani. Ukienda wewe anaomba uji. Hiyo ni karama, usiichezee." Nilibishana naye. Nikamwambia kufua shuka anaweza kila mtu. Akaniuliza, "Basi mbona hafui kila mtu?" Akanisomea Warumi 12, mwenye kurehemu na arehemu kwa furaha. Neno furaha liliniingia. Watu wengine walikwenda kwa wagonjwa kwa wajibu, na wagonjwa waliujua wajibu huo hata wakiwa wamefumba macho. Mimi sikuwa mwema kuliko wao. Nilipewa kitu ambacho wao hawakupewa, kama wao walivyopewa sauti.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na nakupa kama lilivyonijia maishani: anza kuangalia unachokiona wewe ambacho wengine wanakipita, kisha usikilize wanaohudumiwa wanasema nini. Karama ni mali yao kabla ya kuwa yako. Petro anatuita mawakili, na wakili anashika cha mwenyewe kwa ajili ya wengine. Uhasibu ulisomea, tulilipa ada tukauza kahawa. Hilo halipunguzi kitu. Bezaleli naye alikuwa fundi, na Kutoka inasema Mungu alimjaza Roho yake ili afanye kazi ya dhahabu na mbao. Tena inaongeza kwamba alitiwa moyoni kufundisha wengine. Hapo ningependa ujiangalie. Umesema unafunga hesabu peke yako mpaka saa mbili usiku kwa sababu vijana wa kamati ni wazito. Watafutie vijana wawili, kaa nao, waache wakosee ukiwa karibu. Ukiumwa, usharika usisimame.

Na usikubali kila utakaloombwa. Watu wakimwona mtu anayefanya kazi bila kelele humwongezea, na wewe tangu utoto huwezi kusema hapana. Nilipokuwa natembelea wagonjwa nilifika mahali nikawa nakwenda na hasira, nikirudi nyumbani nawafokea baba yako na kaka zako. Mama mmoja wa ushirika wetu aliliona hilo kabla yangu, akaanza kufuatana nami. Tulikwenda wawili wawili tangu hapo. Paulo alimwambia Timotheo aichochee karama iliyo ndani yake. Wewe umepika kwa kuni, unajua kuchochea ni nini: kusukuma kijinga cha moto ndani kidogo, kuondoa majivu, kupisha hewa. Anayejaza kuni zote kwa pamoja huuzima moto kwa moshi.

Jambo moja la siri. Ulichokijua kwenye bahasha za watu kisitoke nje ya chumba cha kuhesabia. Najua kuna mahali wanasoma majina na viwango mbele ya usharika. Mimi sijawahi kukubaliana na hilo, nimewahi kuona wajane wakiinamisha vichwa. Kwa hiyo ukienda kwa bibi yule usimwambie umeijua kwa sadaka. Mwambie umemkosa ibadani. Ni kweli, na inatosha.

Maana natumaini utakwenda. Namba ya bahasha unayo, jina lake liko kwenye rejista, na mzee wa mtaa atakuonyesha nyumba. Usiende mikono mitupu: sukari kilo moja, sabuni ya mche, na majani ya chai. Mchukue mmoja wa wale vijana wa kamati mwende wote. Mkifika, kabla hamjakaa, tazama kama jikoni kuna moto.

Nimekutumia kahawa na senene kidogo kwa basi la Alhamisi. Mfuko wa pili, ule mdogo wenye fundo jekundu, ni wa huyo bibi. Nipigie jioni ukishatoka kwake. Baba yako anakusalimu, anauliza kama godoro lilifika.

Mama yako