Kwa Wanaoanza Mbio za Siku Nyingi

Anayekimbia marathoni ya kilomita 42 anaweza kufika mwisho akiwa hana nguvu hata ya kufungua kamba za viatu, na asilaumiwe na mtu, kwa kuwa kesho yake atapumzika. Katika mbio za siku nyingi hakuna ruhusa hiyo. Mbio za Marathon des Sables, zilizoanza mwaka 1986 katika jangwa la Moroko, zina urefu wa takriban kilomita 250, na mkimbiaji hubeba chakula chake mgongoni siku zote hizo; katika safari ya namna hiyo, kila unachofanya leo hakina budi kupimwa kwa jinsi utakavyoamka kesho.

Siku ya kwanza ndiyo inayowaponza wageni wengi, nami niliponzwa nayo. Miguu ilikuwa myepesi, nikawafuata walionizidi uwezo, nikateremka milima kwa kasi. Siku ya tatu misuli ya mapaja ilikuwa imekaza kiasi kwamba kila mteremko niliushuka kinyumenyume. Tangu hapo hutembea kila mlima mkali kuanzia saa ya kwanza, hata ninapojihisi nina nguvu za kuukimbia, na kwenye miteremko hupiga hatua fupi, maana kushuka ndiko kunakochana misuli zaidi kuliko kupanda.

Jambo ninalowasihi mlipe uzito kuliko yote ni miguu. Nimewaona watu wenye pumzi na moyo wa kuendelea wakiacha mbio kwa sababu ya lengelenge lisilozidi ukubwa wa ukucha. Lengelenge huletwa na msuguano, na unyevu huuzidisha, kwa hiyo unapohisi sehemu moja inaanza kupata moto ndani ya kiatu, simama papo hapo. Kaa chini, vua soksi, kung'uta mchanga, kausha ngozi, kisha bandika plasta ambayo pembe zake umezikata ziwe mviringo ili isibanduke. Dakika tano hizo huokoa saa nyingi. Lengelenge likishajaa maji na linauma, safisha ngozi na sindano kwa dawa ya kuua vijidudu, toboa pembeni, kamua taratibu, lakini ile ngozi ya juu usiibandue, kwani ndiyo kifuniko cha kidonda. Na kwa kuwa miguu huvimba kadiri siku zinavyokwenda, chukua viatu vikubwa kidogo kuliko vya kawaida, ukiwa umevizoea tayari mazoezini.

Kula kabla ya njaa, kidogo kidogo, ukilenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na beba vyakula vya chumvi pia, kwa sababu vitu vitamu huchosha ulimi mapema. Maji yanywe kwa kiu: kunywa maji matupu kupita kiasi hushusha chumvi ya damu, na hali hiyo inaweza kuua.

Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni ziache kabisa wakati wa mbio, kwa sababu mwili uliopungukiwa maji huzifanya ziwe hatari kwa figo. Mkojo ukigeuka rangi ya kahawa nyeusi, usijadiliane na nafsi yako. Mwone daktari wa mbio mara moja, maana huenda ni mabaki ya misuli iliyoharibika yanayoziba figo.

Jioni kuna kazi bado. Kula ndani ya nusu saa ya kufika, osha na kausha miguu, uinue juu ya mkoba, kisha panga vitu vya kesho kabla hujalala, plasta na soksi safi zikiwa juu kabisa, kwa sababu alfajiri utakuwa na vidole vilivyovimba, taa ndogo kichwani, na muda mchache sana wa kutafuta kitu.