Saa tisa ipi? Usiwapeleke watoto mwambani Jambiani kabla hujajua

Ndugu yangu, simamisha safari kwanza. Umeandika kwamba mwenyeji wenu huko Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kasema Jumamosi maji yanakupwa saa tisa, kwa hiyo mtatoka saa nne asubuhi na watoto, mtembee taratibu mkaone viumbe. Saa tisa ya nani? Jumamosi ni mwezi kumi na tatu, yaani siku ya kumi na tatu tangu mwezi kuandama. Siku hiyo saa tisa mchana Jambiani maji yatakuwa yamejaa. Huyo mwenyeji kasoma 9:00 kwenye jedwali la maji la Kizungu akakutamkia "tisa" vilevile. Ni saa tatu asubuhi! Mkitoka saa nne mtakutana na bahari inarudi.

Kaskazi ya mwaka juzi, siku ya kumi na mbili ya mwezi mwandamo, kijana wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni aliniambia saa nane. Jedwali lilisema 8:00, yaani saa mbili asubuhi. Mimi na binti yangu wa miaka 9 tukatoka saa tatu unusu tukiamini maji bado yanatoka. Akina mama wa mwani, wanaoulima huko pwani, walikuwa wanarudi na magunia kichwani. Mmoja akaniuliza, "Mwanangu, unakwenda wapi na mtoto saa hizi?" Nikamwamkia, nikamwambia tunakwenda kutazama viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, nikapita.

Tulivuka mkondo maji yakiwa ya vifundoni, tukapanda fungu la mchanga. Raha tupu: viti vya pweza vyekundu, majongoo bahari, ndege vitwitwi wanakimbia ukingoni. Binti kachuchumaa anamsubiri kaa atoke shimoni. Tulipogeuka, mkondo nyuma yetu umeshajaa na fungu bado kavu. Maji hayaji kwa mbele ukayaona. Hupita mikondoni kwanza, yakakuzunguka. Wala hayapandi kwa kasi moja: saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa huingia karibu nusu ya maji yote, na siku za bamvua, yaani za maji makubwa mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Nilivuka maji ya kifua, mtoto mabegani, ananing'ang'ania kichwa na kulia. Darubini na kamera zilikwenda. Kamera nilishaisamehe, kilio kile bado nakisikia.

Nilipomrudia yule kijana akasema, "Si nilikwambia nane?" Hasira sijamaliza mpaka leo. Mtu anapokea wageni pwani, anajua saa zetu na saa za Kizungu, anashindwa kuongeza neno "asubuhi"? Na asiniambie mtu kwamba ningejua kuogelea vizuri. Naogelea. Jaribuni ninyi na mtoto shingoni.

Usiulize saa, uliza mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hukupwa asubuhi kama saa nne. Kila siku inayofuata huchelewa dakika 40 hadi 50, na kwa siku zilizotangulia rudisha nyuma kwa kiasi hicho hicho. Hesabu mwenyewe, kisha kamuulize mama wa mwani. Ukiona wao wanarudi, nawe rudi, hata kama kaa hajatoka.

Jumamosi tokeni saa moja asubuhi, saa tatu mgeuze. Vaeni viatu vya soli ngumu, na watoto wasiokote konokono wenye umbo la pia ya kuchezea, wana sumu.

Nijibu leo kabla hujalala: mnatoka saa ngapi?