Kuvuka Namanga kwa miguu bila kuozea kwenye foleni

Foleni ya Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, haina siri. Basi moja likishusha abiria hamsini, na kila mmoja akatumia dakika mbili dirishani, dirisha moja litahitaji saa moja na dakika arobaini kuwamaliza wote. Yakifuatana mabasi mawili, na dirisha la pili halina afisa, umeshaelewa mwenyewe. Anayevuka kwa miguu hafungwi na ratiba ya basi, na hiyo ndiyo nafuu yake kubwa. Cha ajabu, wengi huitupa nafuu hiyo kwa kufika dakika kumi baada ya mabasi.

Basi tuanze na saa. Mabasi madogo ya Arusha na Nairobi, yale watu wanayoyaita shato, kwa kawaida hung'oa nanga saa mbili asubuhi na saa nane mchana, pande zote mbili. Kutoka Arusha hadi Namanga ni kilomita 110 hivi; kutoka Nairobi ni 160 na ushee. Kwa hiyo wimbi la kwanza la kutoka Arusha huangukia mpakani kwenye saa nne, na la kutoka Nairobi kwenye saa tano. Wimbi la mchana huja kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu. Baadaye jioni yanaingia mabasi makubwa yaliyotoka Dar es Salaam alfajiri, na hayo ndiyo yanayojaza ukumbi. Ukitaka kupita kwa amani, fika kabla ya saa tatu asubuhi au kati ya saa saba na saa tisa mchana. Ukiondoka Arusha na Noah ya saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili na nusu unakuwa umeshagonga mhuri, isipokuwa Noah ikae stendi ikisubiri mtu wa mwisho. Hilo hutokea, kwa hiyo panda iliyobakiza nafasi moja au mbili, hata kama kondakta wa ile tupu anakuvuta mkono.

Kuna siku ambazo hata saa nzuri haisaidii sana: wiki ya kuelekea Krismasi, Pasaka, siku mbili kabla ya Idi, na wikiendi za kufungua na kufunga shule, maana watoto wengi husoma upande wa pili. Siku hizo safiri Jumanne au Jumatano, au ukubali kulala Namanga na kuvuka asubuhi mapema. Kuvuka usiku inawezekana, kituo kinafanya kazi saa 24, lakini sipendekezi kwa mwenye miguu. Ukitoka upande wa pili saa nne usiku, magari ni machache na nauli inatajwa kwa kuangalia uso wako.

Sasa jengo. Hapa ndipo watu wanapopoteza muda bila hata foleni. Namanga ni kituo cha huduma kwa pamoja. Marais Uhuru Kenyatta na John Magufuli walikizindua tarehe 1 Desemba 2018. Maana yake ni kwamba unasimama mara moja tu, katika jengo la nchi unayoingia. Ukitoka Tanzania kwenda Kenya, unalipita jengo la Tanzania, unatembea hadi jengo la Kenya, na humo ndani afisa wa Tanzania anakugongea mhuri wa kutoka, kisha afisa wa Kenya wa kuingia. Kurudi ni kinyume chake. Anayekumbuka utaratibu wa zamani huingia jengo la kwanza, anapanga foleni ya watu wanaoingia Tanzania, na akifika dirishani anaambiwa avuke barabara.

Kosa la pili ni baya zaidi. Bodaboda atakwambia panda nikuvushe, na kweli atakuvusha, moja kwa moja hadi stendi ya pili bila kusimama popote. Wenyeji wa Namanga wanapita hivyo kila siku kwenda sokoni, hivyo hakuna atakayekuzuia. Tatizo linakuja siku ya kurudi, afisa anapofungua pasipoti na kukuta huna mhuri wa kuingia. Hapo unakuwa mtu aliyeingia nchi kinyume cha sheria, na maelezo yako kuhusu bodaboda hayana nafasi kwenye fomu yoyote. Tembea. Ni mwendo wa dakika chache tu.

Ndani ya jengo mpangilio ni huu: meza ya afya, uhamiaji wa kutoka, uhamiaji wa kuingia, kisha forodha na ukaguzi wa mizigo. Usiruke meza ya afya kwa sababu haina foleni, maana dirishani watakurudisha. Anayeingia Tanzania kutoka Kenya aweke tayari kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchomwa jana yake hakukusaidii. Na tangu tarehe 11 Julai 2016, kadi hiyo ni ya maisha. Hata ile ya zamani iliyoandikwa kuwa inaisha baada ya miaka 10 bado ni halali.

Nyaraka ndizo zinazoamua kama utatumia dakika mbili au ishirini. Mtanzania na Mkenya hawalipi viza kwa mwenzake, na pasi ya matembezi inaweza kufika miezi sita. Lakini Kenya, Uganda na Rwanda ndizo zilizokubaliana tangu 2014 raia wao watembeleane kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika mpango huo. Kila siku yupo anayefika Namanga na kitambulisho mkononi akidhani Afrika Mashariki ni moja tu. Huyo ataelekezwa kwenye hati ya muda, ambayo ina fomu yake, picha zake na foleni yake. Kama huna pasipoti, maliza hati ya dharura ya kusafiria katika ofisi ya uhamiaji ya mkoani kwako kabla ya kusafiri.

Ndugu zetu wanaorudi likizo na pasipoti za Uingereza au Marekani, nyinyi ni wageni mbele ya dirisha hata kama mmezaliwa Tanga. Kenya tangu Januari 2024 inataka idhini ya kielektroniki, eTA, inayoombwa mtandaoni angalau siku tatu kabla. Chapisha karatasi, msitegemee simu. Tanzania inatoza viza dola 50 kwa wengi na dola 100 kwa Wamarekani. Iombeni mtandaoni mapema, maana mstari wa kulipia viza papo hapo ndio unaokwenda polepole kuliko yote. Mkilazimika kulipa hapo, bebeni noti mpya za dola zisizo na mkunjo wala maandishi ya kalamu. Za matoleo ya zamani mara nyingi hukataliwa. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja awe na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwingine. Barua hiyo isipoulizwa, hujapoteza kitu. Ikiulizwa na huna, mtakaa pembeni mpaka mkuu wa zamu apatikane.

Beba kalamu yako. Kalamu ya kamba pale kwenye meza huwa imekauka wino au haipo, na watu watano wanapokezana moja. Andika namba ya pasipoti, tarehe iliyotolewa na anwani ya unakokwenda kwenye kikaratasi, ujaze fomu ukiwa umesimama kwenye foleni. Fomu ni bure. Vijana watakaokufuata nje wakisema "leta pasipoti nikujazie" au "nipe elfu kumi nikupitishe" ni vishoka, na pasipoti yako haipaswi kushikwa na mtu asiyekaa nyuma ya kioo. Hata akiwa amevaa kitambulisho shingoni.

Panapochukuliwa alama za vidole, hapo foleni hukwama kuliko watu wanavyodhani. Mashine inasoma mistari ya ngozi, na ngozi kavu au iliyosuguliwa haionekani. Mwashi, fundi gereji, mama aliyefua kwa sabuni kali wiki nzima, na bibi harusi mwenye piko hadi kwenye ncha za vidole, wote hao mashine huwakataa mara tatu, mara nne, na kila kukataliwa ni dakika ya watu walio nyuma. Ukiwa umebakiza watu kumi mbele yako, paka vidole mafuta kidogo, yaache yaingie, kisha futa kwa kitambaa hadi visiteleze. Kwenye kioo weka tumbo la kidole lote, lilale bapa, bila kukandamiza. Ukibonyeza kwa nguvu mistari inalala na picha inakuwa doa jeusi. Kama kioo kina ukungu wa jasho la waliotangulia, mwombe afisa kukifuta. Atakushukuru.

Kisha kuna siku mtandao unakatika. Utasikia "subirini kidogo, mtandao", na kidogo hiyo inaweza kuwa robo saa au mchana mzima. Usiondoke kwenye mstari katika nusu saa ya kwanza. Mtandao unaporudi ghafla, mstari hupangwa upya kwa mabavu. Mjue kwa sura aliye mbele yako na aliye nyuma yako, wasalimie, mkubaliane kushikiana nafasi kwa zamu mkienda chooni. Begi lililoachwa peke yake halishiki nafasi ya mtu, na askari akiliona bila mwenyewe, litahojiwa kabla yako. Mjamzito, mzee, mlemavu na mwenye mtoto mchanga wana haki ya kusogea mbele, lakini hakuna atakayewaita. Mwendee askari wa ukumbini, msalimie, useme hali yako waziwazi. Ukimwomba aliye mbele yako tu, wa mbele yake atalalamika.

Namanga ni pakavu, vumbi na jua, na foleni ikifurika huishia nje. Lita moja ya maji kwa mtu, kofia au kanga ya kichwani, karanga au ndizi, na dawa zako za mchana kwenye mfuko wa shati, siyo chini ya begi. Nenda chooni kabla ya kushika mstari, na uwe na sarafu. Usipige picha ukumbini, hata ya foleni yenyewe. Kufuta picha mbele ya askari kunachukua muda mrefu kuliko kuvuka.

Mzigo nao upange kwa ajili ya mkaguzi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo hamishia vitu kwenye mfuko wa kitambaa kabla hujafika. Mirungi ni bidhaa halali Kenya, ila Tanzania ni dawa za kulevya na kifungo chake hakina mzaha. Usibebe mbegu, miche wala nyama mbichi. Na yule dada mpole wa kwenye foleni anayeomba umshikie kifurushi kimoja kwa sababu vyake ni vingi, mwambie pole, hapana.

Mfanyabiashara mdogo ana foleni ya ziada ya forodha, na anaweza kuifupisha. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Afrika Mashariki, zilizomo kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa na zisizozidi dola 2,000, zinapita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa hapo hapo mpakani. Njoo na orodha iliyoandikwa: kitu, idadi, bei, na risiti. Anayekuja na gunia na maneno ndiye anayefunguliwa gunia.

Fedha badilisha dukani, baada ya mhuri, na kiasi cha nauli tu. Wanaokufuata na mabunda mkononi wana ufundi mmoja wa zamani: noti imekunjwa katikati ya bunda ili ihesabike mara mbili. Piga hesabu kwa simu yako, pokea zao kwanza, uzihesabu kwa kuzitandaza moja moja, ndipo utoe zako. Noti ya zamani ya shilingi 1,000 ya Kenya haina thamani tangu 1 Oktoba 2019, na noti ya 500 ya Tanzania muda wake wa kubadilishwa uliisha Aprili 2025. Zote mbili bado zinazunguka mpakani zikitafuta mgeni.

Kabla hujaliacha dirisha, fungua pasipoti hapo hapo. Tafuta mihuri miwili, wa kutoka na wa kuingia, soma tarehe, soma siku ulizopewa. Mhuri wa kuingia ukiandikwa siku chache kuliko ulizoomba, afisa aliye mbele yako anaweza kurekebisha kwa sekunde thelathini. Ukigundua ukiwa Kitengela, karibu na Nairobi, ni safari ya ofisi za uhamiaji.

Mengi ya haya yanafanya kazi vilevile kwenye vituo vingine vya mpakani vya Tanzania: Holili, Sirari, Mutukula na Horohoro. Tunduma na Rusumo zina jambo moja la kuongeza: Zambia na Rwanda ziko saa moja nyuma ya Tanzania, na simu iliyonasa mnara wa upande wa pili hujibadilisha saa yenyewe, kisha ikarudi, mara kadhaa ukiwa kwenye foleni hiyo hiyo. Zima saa ya kujiendesha, na ukikata tiketi ya basi la ng'ambo, uliza ni saa ya nchi gani iliyoandikwa.