Maganda Yako Peke Yako Hayatoshi

"Dada, nakausha maembe. Maganda na kokwa natupa. Wewe siki ulianzaje?" Ujumbe huu umetoka Arua, siku chache baada ya siki yangu ya maganda ya nanasi kupata nembo ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Ndiyo, najisifu. Nimeihangaikia.

Siki yenyewe haina maajabu: maganda, maji, sukari, hamira, yakishachacha unayaacha yapate hewa mpaka yawe makali. Kazi iko kwenye kupata maganda. Kwa joto la Kampala, ganda la asubuhi jioni limeshaharibika, na lililoanguka chini sokoni ni la mbuzi, si la mtu. Nilielewana na mkamuaji mmoja mkubwa wa juisi, nikanunua mapipa. Msimu ulipofika akawapa wafuga nguruwe, na simu zangu hakupokea. Mpaka leo nikipita getini kwake nageuza uso.

Walioniokoa ni kina mama wanaouza vipande vya nanasi soko la Kalerwe. Wao wanaosha nanasi kabla ya kumenya na kutia maganda kwenye ndoo yenye kifuniko. Mimi napita kabla ya adhuhuri, pesa mkononi. Baadaye nikaungana na msindikaji wa unga wa mbegu za fenesi, tukachangia gari, tukaenda pamoja UIRI, taasisi ya utafiti wa viwanda pale Nakawa, kuuliza habari za mashine. Mtu ukienda peke yako unaambiwa urudi kesho.

Kwa hiyo tafuteni wenzenu. Kayunga na Luweero kuna nanasi, Soroti kuna kiwanda cha matunda tangu 2019, Arua kuna maembe, na kila mmoja analia kivyake. Dampo la Kiteezi, la taka za Kampala, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 likaua watu zaidi ya 30, na sehemu kubwa ya taka hizo ni maganda na mabaki ya chakula! Wamarekani wa biashara hii ya kugeuza mabaki ya chakula kuwa bidhaa waliunda chama chao 2019, na 2021 wakawa na nembo ya pamoja. Sisi bado tunafichana wanunuzi. Nasema tena: tafuteni wenzenu, hata mnaoshindana nao.

Dada wa Arua, kokwa ya embe ina mafuta yanayotakiwa na watengeneza vipodozi. Kaa na wakaushaji wa jirani, pimeni kokwa mnazotupa kwa wiki nzima, mje na hesabu moja. Mnunuzi hatafunga safari kutoka Kampala kwa gunia moja.