Je, "kuathiri" ni kudhuru?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nasoma sayansi ya maabara hapa Moshi. Kwenye muhtasari wangu niliandika: "Vipitishi vya neva huathiri vimeng'enya katika seli za uvimbe wa neva zilizokuzwa maabara." Mwenzangu anasema kuathiri ni kudhuru. Je, nimekosea?

JIBU: Marahaba. Mwenzako ana sababu. Mkulima wa Marangu akisikia kwamba mvua imeathiri kahawa, anajua ni hasara, na waathirika wa mafuriko tunawachangia. Hata hivyo, tunaposema Kiarabu kimeathiri Kiswahili, hakuna anayewaza madhara. Sentensi yako ni sahihi.

Ninachoilaumu ni kwamba haisemi kilichotokea. Chukua seli za NG108-15, chotara wa nyuroblastoma (uvimbe wa seli za neva) na glioma (uvimbe wa seli zinazozitegemeza) za panya, ambazo watafiti wamezitumia kwa miaka mingi. Asetilikolini, mojawapo ya vipitishi vya neva, ikizifikia, kimeng'enya kiitwacho adenilati saiklezi hupunguza kasi, na AMP ya mzunguko, molekuli ya ujumbe ambayo kimeng'enya hicho huitengeneza, inapungua ndani ya seli. Adenosini, mjumbe mwingine wa kikemia, hukichochea kimeng'enya hichohicho. "Huathiri" inameza yote mawili, na msomaji anabaki hajui kipi kilipanda, kipi kilishuka. Kiswahili kina kuchochea, kuongeza, kupunguza, kuzuia, vitumie. Ila kuzuia nakuomba uwe nako mwangalifu, maana wengi wetu tukilisikia tunaelewa kwamba jambo limesimama kabisa. Kama utendaji umeshuka tu, andika kupunguza.

Tena, asetilikolini haikigusi kimeng'enya. Inanasa kwenye kipokezi juu ya utando wa seli, na protini G ndizo zinazopeleka ujumbe ndani. Neno "kupitia" linatosha kuonyesha njia hiyo.

Taja na muda. Mofini, dawa ya maumivu inayotumia vipokezi vya enkefalini (kemikali za mwili za kutuliza maumivu), hupunguza utendaji wa kimeng'enya hicho mara moja. Seli zikikaa nayo siku kadhaa, utendaji hupanda tena; mofini ikiondolewa, unavuka kiwango cha awali. Wakati wa kitenzi nao uangalie: hu- ya mazoea inafaa kwa jambo lililokwisha kuthibitishwa mara nyingi, lakini matokeo ya jaribio lako mwenyewe yanataka -li-.

Kama ulizipima seli hizo, ningeandika hivi: "Katika seli za NG108-15 zilizokuzwa maabara, asetilikolini ilipunguza utendaji wa adenilati saiklezi kupitia vipokezi vyake, ilhali adenosini iliuongeza."